Kabla hujanunua kifaa cha kufuatilia mzigo, uliza nani atakisikia

Gari la samaki likifika sokoni alfajiri, mabishano huanza kabla mizani haijatolewa. Mnunuzi anafungua kasha, anaingiza mkono na kukuta barafu imegeuka maji. Anashusha bei hapo hapo. Dereva anaapa kwamba hakusimama popote isipokuwa kwenye foleni ya forodha. Mwenye mzigo yuko Mwanza, simu sikioni, na hana njia ya kujua barafu iliyeyukia wapi: kabla ya Sirari, kwenye foleni, au baada ya gari kuingia Isebania na kulala mahali ambapo hapakuwa kwenye makubaliano.

Kwa mtu aliyewahi kubeba hasara ya namna hiyo, kifaa kidogo cha betri kinachokaa ndani ya mzigo, kikapima joto na kumpelekea habari kwenye simu, kinavutia sana. Lakini iko hasara ya pili, nayo humpata aliyekwisha kununua. Kifaa kinaonekana vizuri siku ya kwanza, kesho yake kinaonekana kwa kuchelewa, na siku mzigo unapoharibika kimezimika tangu usiku. Fedha ya kifaa imekwenda, na ugomvi na mnunuzi uko palepale.

Mara nyingi kifaa hakina ubovu wowote. Kilichaguliwa kwa swali lisilofaa. Wengi tunauliza: kinafika kilomita ngapi? Maswali ya kuanza nayo ni mengine mawili. Kifaa kikizungumza, nani yuko karibu wa kukisikia? Na kinahitaji kuzungumza mara ngapi?

Betri huliwa na mazungumzo

Ukifungua kifaa cha aina hii utakuta vitu vinne: kihisi kinachopima joto au unyevu, kompyuta ndogo ya chipu moja ambayo mafundi huiita maikrokontrola, redio ya kutuma habari, na betri.

Kupima hakuli betri sana. Maikrokontrola nzuri huamka, husoma kihisi, huandika namba kwenye kumbukumbu yake na kulala tena, yote kwa muda usiofika sekunde moja. Ikilala hutumia mikroampea chache tu. Tuseme kifaa chetu kizima kikilala kinatumia mikroampea 10, na betri yake ni ya lithiamu yenye 2,500 mAh, kama zile zilizomo ndani ya tochi nyingi za kuchaji. Kwa hesabu ya karatasi, kingelala zaidi ya miaka 20. Betri yenyewe ingezeeka kabla ya hapo.

Sasa kiamshe kizungumze. Redio ya Wi-Fi inapotuma inaweza kudai zaidi ya miliampea 200. Moduli ya simu ya 2G, kwa vipindi vifupi kuliko kupepesa jicho, hufyonza hadi ampea 2. Hiyo ni mara 200,000 ya kifaa kilicholala. Ndiyo sababu ile betri bapa kama kifungo, CR2032, haiwezi kuendesha redio ya 2G. Chaji yake haifiki hata moja ya kumi ya betri yetu, na hata ikiwa mpya haina nguvu ya kutoa umeme mwingi kwa mkupuo.

Kuna na GPS, ambayo wengi huichanganya na redio ya kutuma. GPS haitumi chochote. Inasikiliza setilaiti ili kujua mahali ilipo, kisha redio nyingine ndiyo hupeleka habari hiyo. Lakini kusikiliza nako kuna gharama. Kipokezi cha kawaida kikiachwa wazi muda wote kinaweza kutumia miliampea 30. Kwa saa 24 ni 720 mAh, na betri yetu haimalizi siku nne. Mzigo ukishikwa mpakani mwisho wa juma, kifaa kinatangulia kufa kabla ya samaki kuruhusiwa.

Laini ya simu: inasikika mbali, inakula sana

Kifaa chenye laini ya simu kina faida isiyobishaniwa. Minara ipo karibu kila mji wa barabara kuu, na huna haja ya kujenga chochote. Tatizo ni yanayotokea kati ya mji na mji.

Kila msafiri anajua kwamba simu huisha chaji haraka porini kuliko mjini, hata kama hukupiga. Mnara ukiwa mbali, redio inaongeza nguvu ili isikike. Ukikosekana, redio inaendelea kuutafuta. Mpakani ni shida zaidi, kwa sababu mitandao ya nchi mbili inaingiliana. Mwandishi wa makala haya amewahi kukaribishwa nchi jirani kwa ujumbe wa simu akiwa bado kwenye foleni ya upande wa kwake. Binadamu anaufuta ujumbe na kuendelea na safari. Kifaa kinaweza kuhama mtandao mara kwa mara, na kila kuhama ni betri.

Kisha kuna malipo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kushusha gharama za kupiga simu kuvuka mipaka yao chini ya mpango wa Mtandao Mmoja wa eneo. Mpango huo ulianza na simu za sauti. Kifaa chako hakipigi simu, kinatuma data, na safari ya Mwanza kwenda Kenya inaanzia Tanzania, ambayo haikuwa miongoni mwa nchi hizo tatu zilizoanza. Kabla ya kulipa, iulize kampuni ya laini mambo matatu: data inafanya kazi ng'ambo, kwa bei gani, na kwenye mtandao wa nani huko. Laini nayo lazima isajiliwe kwa jina la mtu au kampuni kama laini nyingine yoyote.

Ipo pia NB-IoT, njia ya simu iliyoingizwa kwenye viwango vya kimataifa mwaka 2016 mahsusi kwa vifaa vinavyotuma habari kidogo kwa betri. Inaruhusu kifaa kulala kwa saa nyingi, hata siku, bila mtandao kukisahau. Kwa mita ya maji isiyohama, ni chaguo zuri. Kwa mzigo unaovuka mpaka, mnara wa kila upande lazima uwe umewashiwa huduma hiyo, na mtandao wa ng'ambo lazima umkubali mgeni. Upande mmoja ukikosa, nusu ya safari inakuwa kimya.

LoRa na zile kilomita 15

Redio ya LoRa ndiyo inayosifiwa zaidi kwenye maboksi ya vifaa vya betri, na sifa nyingi ni za kweli. Inatuma taratibu sana, maneno machache kwa wakati, na kwa upole huo inasikika mbali kwa nguvu ndogo. Mahali pa wazi, antena ikiwa juu, kilomita 10 au 15 zinawezekana. Mjini, penye majengo na mapaa ya bati, tarajia kilomita 2 hadi 5, na wakati mwingine pungufu.

Jambo ambalo boksi halisemi kwa herufi kubwa ni kwamba upande wa pili lazima kuwe na kituo cha kupokea, chenye umeme na intaneti. Kifaa cha LoRa hakizungumzi na mnara wa simu. Kinazungumza na kituo chako, au cha mtu mwingine aliyekubali kukipokelea.

Kwa hiyo LoRa inamfaa mwenye ghala. Mfanyabiashara wa mahindi mwenye maghala matatu katika mji mmoja anaweza kuweka kituo kimoja juu ya paa na vihisi vya unyevu kumi kati ya magunia, akakaa miaka bila kubadili betri. Lakini gari likitoka mjini na kushika barabara kuu, kifaa kitaendelea kuita na hakuna wa kuitika.

Bluetooth, na simu iliyomo mfukoni mwa dereva

Bluetooth ya matumizi madogo ya nguvu ndiyo njia ambayo wauzaji huipigia debe kidogo, kwa sababu ni ya karibu: mita 10 hadi 100, kutegemea kilichopo katikati. Inapotuma inatumia kama miliampea 5 tu, kwa muda mfupi mno. Kitambulisho kidogo kinachotumia kwa wastani mikroampea 20 kinaweza kuishi zaidi ya mwaka kwa betri moja ya CR2032.

Ukaribu wake unaonekana udhaifu mpaka ukumbuke nani yumo ndani ya gari. Dereva ana simu. Simu hiyo ina laini, ina GPS, na inachajiwa kwa umeme wa gari. Kazi zote zinazokula betri zinaweza kufanywa nayo. Vitambulisho ndani ya makasha vinapima na kuandika, na simu inavisoma kila inapokuwa karibu, kisha inatuma ikipata mtandao.

Wala hakuna kinachopotea ikikosa mtandao kwa saa sita. Usomaji mmoja wa joto unaweza kuhifadhiwa kwenye baiti 2. Ukipima kila dakika 15, ni mara 96 kwa siku, yaani baiti 192. Kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 64 inabeba siku zaidi ya 300.

Hapa kuna makubaliano ya kufanya mapema. Simu ni ya dereva, na bando ni la nani? Na je, anajua kwamba simu yake itaeleza gari lilikuwa wapi? Mwambie kabla, na mwonyeshe kuwa rekodi hiyo inamlinda yeye pia siku barafu itakapoyeyuka mikononi mwa wengine.

Kama hutaki hata hilo, lipo chaguo la bei nafuu kuliko yote: kifaa kisicho na redio kabisa. Kinaandika joto njia nzima, na mzigo ukifika unakichomeka kwenye kompyuta. Hakikuonyi njiani, lakini kinamaliza ubishi. Kwa mwenye shehena ndogo inayopita kwenye utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, hiki ndicho kinachoweza kurudisha gharama yake.

Hesabu ya mkononi

Tuiweke betri yetu ya 2,500 mAh kwenye mizani. Kifaa kinatuma kila dakika 15, mara 96 kwa siku. Namba hizi ni za makadirio, lakini ndivyo fundi anavyoanza.

Kwa 2G, tuseme kuamka, kutafuta mtandao na kutuma kunachukua sekunde 30 kwa wastani wa miliampea 100. Kila ujumbe unakula kama 0.83 mAh, siku inakula 80, na betri inamaliza mwezi mmoja. Kwa Wi-Fi, sekunde 5 kwa miliampea 120: siku inakula 16, betri inafika miezi mitano, almuradi Wi-Fi ipo, na barabarani haipo. Kwa LoRa ya mwendo wa taratibu kabisa, sekunde moja na nusu kwa miliampea 40: pamoja na usingizi wake, siku haifiki 2, na betri inapita miaka mitatu.

Sasa tusibadili redio. Tubaki na ile ile ya 2G, ila tubadili tabia. Kifaa kipime kila dakika 15 lakini kitume mara nne tu kwa siku, na papo hapo joto likivuka kiwango ulichoweka. Siku sasa inakula chini ya 4 mAh. Betri iliyomaliza mwezi inakaribia miaka miwili.

Kata theluthi au nusu ya namba zote hizi kwa sababu ya joto la gari, minara ya mbali na uzee wa betri. Uwiano unabaki ule ule. Kabla ya kutafuta redio nyingine, jiulize kama kweli unahitaji kujua kila dakika 15, au unahitaji kuambiwa tu mambo yakiharibika.

Barafu na bati

Redio haisafiri ndani ya mzigo kama inavyosafiri dukani kwa muuzaji. Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na maji huyanyonya mawimbi hayo. Samaki, nyanya na barafu inayoyeyuka ni maji matupu. Kitambulisho kikizikwa katikati ya kasha kinaweza kusikika mita moja, au kisisikike kabisa. Dawa yake ni kuchagua kifaa chenye kihisi cha waya: waya ushuke kwenye barafu, redio ikae juu chini ya mfuniko.

Bati na chuma ni zaidi. Bodi ya chuma iliyofungwa vizuri, au kontena, huzuia karibu redio zote, iwe Bluetooth, LoRa au simu. Katika gari la namna hiyo, ama antena itoke nje, ama ukubali kwamba rekodi itasomwa mlango ukifunguliwa. Baridi nayo hudhoofisha betri za kawaida za alkali. Kwenye barafu tumia za lithiamu.

Sheria za pande mbili

Mipaka ya masafa haifanani duniani. Vifaa vingi vya LoRa vya soko la Ulaya hutumia eneo la 868 MHz, na vya Marekani 902 hadi 928 MHz. Hayo ya Marekani yanaingia kwenye masafa ya 900 ambayo huku kwetu ni ya simu. Kukiagiza kwa sababu tu bei iliteremshwa ni kujitafutia kesi, na kinaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine.

Kifaa cha redio kinahitaji kukubaliwa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi kinakotumika: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda. Mtake muuzaji akuonyeshe idhini ya nchi zote mbili za safari yako, si ya alikofungua duka tu.

Usikichanganye pia na lakiri ya kielektroniki ya forodha. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena zinazopita, RECTS, ambamo lakiri iliyofungwa kwenye gari huripoti mahali lilipo na ikiguswa. Ile ni ya mamlaka za mapato na inalinda kodi. Haikuambii samaki wako wana joto gani, na kifaa chako hakichukui nafasi yake.

Vivyo hivyo kwa nafaka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipofungua ikaweka masharti ya vyeti. Kihisi cha unyevu kinaweza kukuonya kwamba ghala limepata maji. Hakipimi sumukuvu, na hakuna ofisa atakayekipokea badala ya cheti cha maabara.

Jambo dogo la mwisho ni saa. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Rekodi isiyosema inafuata saa ya wapi inazaa ubishi mpya pale Rusumo.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Ukienda dukani, nenda na haya. Kifaa kinazungumza na nani: mnara, kituo changu, au simu ya dereva? Mtandao ukikosekana, kinahifadhi usomaji au kinautupa? Ninaweza kubadili mara za kutuma mwenyewe? Betri inadumu muda gani kwa kutuma mara hizo, na ikiisha naipata wapi? Idhini ya nchi zote mbili iko wapi? Muuzaji anayejibu yote kwa kusema "kinafika mbali sana" hajajibu hata moja.

Kisha kijaribu kabla ya kukiamini. Kiweke kwenye kasha la barafu, ndani ya gari lenyewe, kwa safari moja nzima ya kwenda na kurudi, ukilinganisha na kipimajoto cha kawaida. Safari hiyo itakuambia mengi ambayo boksi halikusema.

Turudi kwenye gari letu la alfajiri. Dereva anasogeza simu kwenye kasha, na mstari unajitokeza: karibu na sifuri toka Mwanza, sifuri kwenye foleni ya Sirari, sifuri Isebania, kisha kuanzia saa nane usiku joto linapanda mpaka 9. Mnunuzi bado atashusha bei, maana barafu imeyeyuka kweli. Lakini mwenye mzigo sasa anajua swali la kumuuliza dereva: saa nane usiku mlikuwa wapi, na kwa nini?